Hesabu Niliyomfanyia Mama Yako

Achieng',

Keti kwanza. Kama unasoma hii barua ukiwa umesimama na kikombe cha chai mkononi, weka kikombe chini, tafuta mahali pa kulaza hilo tumbo, ndio uendelee. Sikuiandika isomwe mbiombio kama zile meseji zenu.

Sasa ni saa kumi jioni na wewe umeenda mtaa wa Lindi kuaga wenzako wa kwaya. Najua mtaimba, mtalia, mtapiga picha mia, na utarudi umechelewa, kwa hivyo nina nafasi. Barasa amefunga mizigo yote kwa kamba, ameipanga mlangoni mpaka mimi mwenyewe nalazimika kuiruka nikitaka kutoka, halafu ameenda kulala kwa ndugu yake. Kesho asubuhi mnaondoka kwenda Turkana, wewe na mume wako na mtoto wa miezi saba aliye tumboni. Mimi nabaki hapa Kabiro, Kawangware.

Sitakuandikia mambo ya kuchemsha maji ya kunywa. Mimi nyanya yako nimekulea tangu siku uliyozaliwa. Kama hujui kuchemsha maji, hiyo ni aibu yangu na leo siwezi kuiondoa. Sitakuandikia pia namna ya kukaa na mwanamume. Barasa ni mtu mzuri. Anakula anachopewa, na akikosea anasema amekosea, jambo ambalo babu yako hakuwahi kulijaribu hata siku moja. Nakuandikia kuhusu Jumapili.

Jumapili nilikutukana mbele ya mume wako. Nilitupa mwiko ukagonga ukuta, ugali ukabaki umetapakaa kwa kalenda ya kanisa. Wewe ukaniambia, "Dani, si useme tu hutaki niende." Ukaingia ndani ukajifunika leso. Tangu siku hiyo unaniongelesha kwa adabu, na mimi adabu yako siipendi. Nilizoea ukinijibu.

Hebu turudie yaliyosemwa, kwa sababu nadhani wewe ulisikia kelele tu.

Mimi niliuliza hospitali iko umbali gani kutoka hapo shuleni kwa Barasa. Hospitali yenye theata ya upasuaji, si hiyo zahanati ya kupewa dawa ya kichwa. Barasa akafurahi kama mtoto aliyeulizwa swali analolijua. Ni mwalimu wa hesabu, mtu angefanya nini? Akatoa karatasi mfukoni.

"Nyanya, hiyo nimepima mwenyewe," akasema. "Safari tano. Ya kwanza dakika thelathini. Ya pili thelathini na tano. Halafu arobaini, arobaini na tano, na moja ilikuwa mia moja. Ukijumlisha ni mia mbili na hamsini. Gawanya kwa tano. Wastani, dakika hamsini. Hata saa moja haifiki!"

"Hiyo ya mia moja ilikuwa siku gani?"

"Ah, hiyo ni siku mto ulijaa. Ule mto ni mchanga tu, mwaka mzima unavuka kwa miguu. Siku hiyo maji yalishuka kutoka milimani, tukangoja yapungue."

"Na huyu mtoto anazaliwa mwezi gani?"

"Wa nne."

"Na mvua hunyesha mwezi gani, mwalimu?"

Akaangalia karatasi yake kama jibu limeandikwa hapo. Wewe ukacheka. "Dani, wacha kumpa mwalimu mtihani, bana! Na hata hivyo kliniki walisema mtoto wa kwanza huchukua kama masaa kumi na mbili hivi, average. Hiyo ni siku nzima. Uchungu ukianza, mimi nitasonga ugali, tukule, nioge, ndio twende."

Hapo ndipo mwiko uliporuka.

Haikuwa wivu, Achieng'. Sikutaka kukufunga hapa. Ni kwamba ulikuwa umekaa kwenye kiti changu ukisema maneno yangu. Yale yale, na kile kicheko. Niliyasema mimi, mwaka uliozaliwa, pale Kambi Muru, na aliyekuwa akiniangalia ni mama yako.

Umeniuliza mara nyingi alivyokufa. Nimekuambia alifia hospitalini, damu ilimwisha, Mungu alimtaka. Hayo sikuyasema kwa uongo, lakini niliyachagua. Nimechagua miaka yote hii. Leo nakupa yaliyobaki, na ningekupa kwa mdomo kama ningekuwa na ujasiri wa kuangalia uso wako, lakini sina. Unafikiri kwa sababu nina mdomo mkali sina uoga.

Wakati huo tulikaa Kambi Muru, hapa hapa Nairobi, mimi na mama yako Adhiambo, chumba kimoja cha udongo. Mimi nilikuwa nafua nguo za watu, yeye alikuwa anashona vikapu. Aliyempa mimba alikuwa ameshaenda zake, na huyo hatutampotezea karatasi. Kanisa likafungua ngumbaru, darasa la watu wazima, alasiri mara mbili kwa wiki. Unajua mimi niliachia darasa la tatu. Si kwamba nilikuwa mjinga! Nilikuwa mbele kwa hesabu kuliko kaka zangu, lakini wao ndio walinunuliwa kalamu. Kwa hivyo niliposikia ngumbaru, nilienda siku ya kwanza nikiwa nimevaa nguo ya Jumapili.

Siku moja mwalimu wetu, Mwalimu Rozi, alikuja na mikebe mitatu ya mafuta ya kupikia. Ndani alikuwa ametia maharagwe. Mkebe mmoja mawili, mwingine tisa, mwingine manne. Akayamwaga yote mezani, kumi na tano, halafu akayarudisha sawasawa: matano, matano, matano. Akasema, "Huu ndio wastani. Ndivyo ingekuwa kama kila mkebe ungelingana na wenzake."

Achieng', nilipenda hiyo kitu! Siwezi kukuambia nilivyoipenda. Maisha yangu yote yalikuwa ya mawili leo na tisa kesho, na sasa mtu ananionyesha kwamba unaweza kuyamwaga mezani ukayapanga yakatulia. Nilirudi nyumbani nikaanza kutafutia kila kitu wastani. Nilipima foleni ya maji kwa wiki mbili kwa saa ya Mama Nekesa, jirani yetu, nikapata dakika arobaini. Nikapima mahubiri ya pasta. Nikapima mvua, ikianza inachukua muda gani kuisha. Wanawake wa ploti wakaanza kuniuliza. "Mama Adhiambo, nikienda sasa kwa maji nitarudi saa ngapi?" Nawaambia, na wanarudi saa hiyo hiyo, au karibu. Wakanibandika jina, Mama Wastani. Mama Nekesa ndiye aliyeanza, kwa kunitania, lakini mimi nilijibu kama jina la ubatizo.

Ukisifiwa kwa kitu kimoja na hujawahi kusifiwa kwa kingine, kinakupanda kichwani. Hilo nalijua sasa.

Basi tumbo la Adhiambo likawa kubwa, na mimi nikaamua kumtafutia wastani.

Saa sikuwa nazo, mimi nilizalia ushago, ziwani, kwa mama mkwe wangu, na hakuna aliyeangalia saa. Lakini sisi tunamwita mtoto kwa wakati aliozaliwa, kwa hivyo nikasema saa ziko kwenye majina. Otieno, mjomba wako mkubwa, ni wa usiku. Uchungu wake ulianza alfajiri tukienda kupalilia. Nikaandika saa kumi na nne. Akinyi ni wa asubuhi, alinianza jana yake giza likiingia. Nikaandika kumi na moja. Mama yako Adhiambo ni wa jioni, alinianza asubuhi. Tisa. Na hao wawili wa mwisho nikawapa tisa na saba. Jumla hamsini. Watoto watano. Wastani, saa kumi kamili, hakuna hata baki! Nilifurahi ilivyogawanyika vizuri. Nikamwonyesha Mwalimu Rozi, akaniwekea alama ya vema kwa kalamu nyekundu, kwa sababu kwa kugawanya sikuwa nimekosea popote.

Usiku ni mrefu, Achieng'. Otieno anaweza kuwa wa saa mbili au wa saa sita, jina halisemi. Mimi ndiye niliyechagua. Lakini hilo ni kosa dogo.

Kosa kubwa ni kwamba sikuzaa watano. Nilizaa sita.

Huyu hujawahi kumsikia. Hata mama yako hakumjua. Alikuwa wa tatu, kati ya Akinyi na Adhiambo, msichana. Nilikuwa natoka kuokota kuni, mzigo kichwani, uchungu ukanishika nikiwa nimeshauona moshi wa jikoni kwetu. Sikufika kwenye moshi. Nilimzaa hapo njiani, peke yangu, na kutoka uchungu wa kwanza mpaka yeye ilikuwa kama saa moja. Hakulia. Mama mkwe wangu alikuja akamchukua kwenye leso, na jioni nilikuwa napika. Hakupewa jina. Watu wakiniuliza una watoto wangapi nasema watano, na nilisema watano mpaka mimi mwenyewe nikaamini. Hivyo nilipokaa na kalamu yangu ya ngumbaru nikihesabu, mkono wangu ulimruka. Haukusita hata kidogo. Mtoto peke yake aliyekuja kwa haraka, yule ambaye angeniambia damu yetu inaweza kufanya hivi, ndiye niliyemtoa.

Usikimbilie kusema, "Lakini Dani, ungemweka." Nimeshamweka. Nimefanya hiyo hesabu mara nyingi kuliko unavyoweza kufikiri. Hamsini na moja, gawanya kwa sita. Saa nane na nusu. Bado ingeniambia mpaka jioni. Bado ningeenda kwa maji.

Siku yenyewe uchungu ulianza saa tatu asubuhi. Adhiambo alikuwa anaosha sufuria, akashika ukuta. Mimi nikahesabu kwa vidole, saa tatu, ongeza kumi, saa moja ya jioni. Nikamwambia, "Vizuri. Tutaondoka saa tisa. Ukienda mapema watakurudisha, na watakutukana juu yake." Na hilo lilikuwa kweli, wauguzi wa siku hizo walikuwa na mdomo, ukifika kabla ya wakati unaambiwa uende ukatembee na mtaa mzima ukuone ukirudi na beseni yako. Mimi nilikuwa nimeshaona wengine wakirudi. Sikutaka mtoto wa Mama Wastani arudi na beseni.

Nikachukua mitungi miwili. Mama yako akanishika mkono.

"Mama, hii uchungu si ya jioni."

Nikamwambia, "Wewe umezaa mara ngapi?"

Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Akaachilia mkono.

Nataka ulielewe hilo neno langu vizuri, kwa sababu ndilo linaloniamsha, si damu. Mtu alikuwa ananiambia kinachotokea ndani ya mwili wake, mahali ambapo mimi sipo na Mwalimu Rozi hayupo na watoto wangu watano hawapo, na mimi nikamwuliza amezaa mara ngapi. Alikuwa hajazaa hata mara moja. Na bado yeye ndiye aliyekuwa anajua.

Nikaenda kwa foleni. Siku hiyo presha ya maji ilikuwa chini. Nilipiga hadithi na wanawake, nikawaambia leo nakuwa nyanya, saa moja jioni, mje na maziwa. Wakacheka, wengine wakapiga vigelegele. Tukajadili jina. Kwa kuwa giza lingekuwa linaingia, ungekuwa Atieno. Nilikuwa nimeshakuita Atieno kichwani mwangu.

Kwa jua ilikuwa yapata saa sita nilipoanza kupanda kurudi, mtungi mmoja kichwani na mwingine mkononi, na nikasikia Mama Nekesa kabla ya kumwona.

"Mama Adhiambo! Wewe! Tupa hiyo maji! Tupa!"

Sikuitupa. Unaona mtu alivyo? Niliiweka chini polepole, nikafunga na kifuniko. Ndio nikakimbia.

Ulikuwa umeshatoka. Mama Nekesa alikuwa amekufunga kwa gauni lake mwenyewe, na wewe ulikuwa unapiga kelele, mwekundu, mwenye hasira, na mlango ulikuwa wazi na jua limesimama katikati ya mbingu, hakuna kivuli hata cha kuku. Ndivyo ulivyo Achieng'. Sisi kwa mtoto wa jua kali hatuna jina lingine. Na kila nilipokuita uje ule, kila nilipokuita utoke kwa mvua, nimekuwa nikiitaja ile saa.

Mama yako alikuwa amelala kwa ubavu, anatabasamu. Mimi nikafikiri tumepona. Nikaanza hata kugomba, "Si ungengoja!" Halafu nikaona leso iliyokuwa chini yake.

Gari haliingii Kambi Muru kwa zile njia. Tulimbeba kwa mkokoteni, wa mtu aliyekuwa anauza mkaa, tukaupanguza kwa mikono. Mama Nekesa mbele anafukuza watu, mimi pembeni nimeshika miguu ya Adhiambo juu kama nilivyosikia inafanywa, na wewe ulikuwa mgongoni kwangu. Njiani aliniuliza kitu kimoja tu.

"Ni wa nini?"

"Ni msichana."

"Hapana. Wa wakati gani?"

"Ni Achieng'."

Akasema, "Nilikuambia." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyeshinda kwa bao. Hakusema kingine, na tulipofika kwenye lango la hospitali, yule sista aliyetoka mbio alimwangalia macho, akaacha kukimbia.

Daktari alikuja kunieleza. Alikuwa kijana, shati limelowa jasho. Aliniambia ile damu wanajua kuisimamisha, kuna sindano, kuna namna. "Mama, mngekuwa hapa tayari…" akakata maneno. Hakunigombeza. Nilikaa pale nikimngoja anigombeze. Mimi ningemgombeza.

Na hiyo hospitali, Achieng', haikuwa ng'ambo ya mto wowote. Kutoka mlangoni kwetu ungesikia kengele ya kanisa lililo karibu nayo. Kwa hivyo usije ukafikiri nakuambia ubaki Nairobi. Nairobi ndiko mama yako alikokufa.

Baada ya mazishi Mwalimu Rozi alikuja kunitembelea. Alikuwa amebeba unga. Aliposikia ninasema habari ya saa kumi aliweka mkono mdomoni, kwa sababu alikumbuka ile alama nyekundu. Nikamwambia atoke nyumbani kwangu na mikebe yake. Hakuwa amebeba mikebe, alibeba unga. Alitoka, akauacha unga mlangoni. Miezi miwili baadaye nilihama nikaja huku Kawangware, kwa sababu ile njia ya mkokoteni ilikuwa ndiyo njia ya kila mahali.

Nilimkosea mwalimu. Ilinichukua miaka kuliona. Nilikuwa nakupikia maharagwe, ulikuwa na miaka kama minne, nikakumbuka mikebe. Mawili, tisa, manne. Nikasimama na mwiko mkononi, kwa sababu niliona kwamba pale mezani hapakuwa na mkebe hata mmoja uliokuja na matano. Hata mmoja! Yule mama alitwambia wazi, ingekuwa kama ingelingana. Mimi nilibeba ile tano nikaenda nayo nyumbani, nikaiamini kuliko mikebe.

Sikatai hesabu. Ukiniambia wageni ishirini wanakuja, kila mmoja atakula chapati ngapi, nitakupa wastani na chakula kitatosha, kwa sababu mlafi atamfidia mgonjwa. Lakini kuzaa hakuna wa kukufidia. Mwenzako akikaa saa ishirini kule Lindi, hizo saa hawezi kukuazima wewe kule Turkana. Siku yako itakuwa moja, na itakuja na urefu wake, na haitauliza ya wengine ilikuwaje.

Na ile safari ya dakika mia moja. Barasa aliitia pamoja na zingine ikayeyuka, ikawa hamsini, ikapendeza. Mimi nakuomba uitoe tena. Iweke peke yake uiangalie. Hiyo ndiyo safari yako, kwa sababu hiyo ndiyo ya mwezi wa nne. Zile zingine nne ni za watu wengine waliokwenda kununua sukari.

Sasa nakuomba kitu, na unajua mimi siombi.

Mwezi wa tatu ukiisha, usiwe ng'ambo hiyo ya mto. Hamia mjini, karibu na hospitali, mahali unapoweza kutembea kwa miguu ukifika. Tafuteni chumba, au ukae kwa watu wa kanisa, au kwa mwalimu mwenzake Barasa. Barasa atakuja wikendi. Utachoka kukaa bure. Utasema Dani amenifunga. Sema. Utaona siku zinapita na hakuna kitu, na watu watakuambia bado, na wewe mwenyewe utajiona mjinga na utataka kurudi kwako ukapange sufuria zako. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Siogopi siku yenyewe kama ninavyoogopa ile wiki utakayokuwa umechoka kungoja.

Ukisikia kitu, nenda. Usimwulize Barasa, usitafute kwenye simu, na mimi usinipigie kuniuliza. Ukinipigia nitaanza kuhesabu, najijua, hiki kichwa hakijaacha. Nenda kwanza, nipigie ukiwa ndani.

Nawe ukiwa na mtu mwingine siku nyingine, binti yako, jirani, yeyote, akakuambia "hii si ya jioni," usimwulize amezaa mara ngapi.

Unaweza kunikasirikia. Nimekaa hapa nikifikiri labda kesho ukishasoma hutataka kuniita Dani tena, na nikafikiri nisikupe hii barua, nikupe tu sweta ya mtoto na maombi. Nimeikunja mara mbili nikaikunjua. Lakini nikinyamaza nitakuwa nimechagua tena badala yako, kama nilivyomchagulia mama yako. Afadhali unichukie ukiwa upande wa mto wenye hospitali.

Barua nitaiweka kwenye ule mkoba wenye kadi yako ya kliniki, kwa sababu najua hiyo utaitoa kabla hamjafika Kitale uone kama ipo. Wewe ni mtu wa kuhakikisha. Hiyo hukuitoa kwangu.

Kuna habari moja ninayoitaka kutoka kwako, na si ile unayofikiri. Mtoto ni wa kike au wa kiume, ana kilo ngapi, hiyo itakuja. Mimi nataka kwanza unipigie siku moja mwezi wa nne, ukiwa na hasira, uniambie: "Dani, nilienda hospitali wakanirudisha. Wakaniambia ni gesi tu. Wakanicheka." Halafu baada ya siku mbili unipigie tena uniambie umeenda wamekurudisha tena. Na ya tatu. Watakuita jina, watu hawakosi jina la kumpa mtu. Itikia.

Nenda mapema mpaka wakuchoke, Achieng'. Kila watakapokucheka, ujue kuna mwanamke mmoja Kawangware anayeshukuru Mungu kwa sauti mpaka majirani wanagonga ukuta.

Nakusikia mlangoni unaongea na Mama wa nyumba ya tatu. Mmemaliza kuimba mapema leo.

Mimi ndiye,
Dani yako, mama yake Adhiambo, mzazi wa watoto sita